Kuwasha seva ya kwanza kwenye wingu: anza na bajeti

Anayekodi seva ya wingu hutumia kompyuta iliyomo kwenye jengo la mtoa huduma na hulipia muda alioitumia. Tofauti na umeme wa LUKU, ambao hukatika uniti zikiisha, wingu hukuacha utumie kwanza kisha hukuletea ankara mwisho wa mwezi. Ndiyo maana mwongozo huu wa EC2, huduma ya Amazon ya kukodisha seva kama hizo, unaanza na bajeti.

Hatua ya 1. Ukishafungua akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha ingia sehemu ya malipo uweke bajeti ndogo, tuseme dola 5, ili utumiwe barua pepe matumizi yanapokaribia kiasi hicho. Bajeti hiyo hutoa onyo tu, haizimi seva.

Hatua ya 2. Chagua kanda ambamo seva itakaa. Kanda ya Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 2020, ni ya karibu kwa aliye Dar es Salaam au Nairobi, lakini haitumiki mpaka uiwezeshe mwenyewe katika mipangilio ya akaunti, na bei zake ni za juu kuliko za Ireland. Kwa mazoezi, mimi ningechagua Ireland.

Hatua ya 3. Anzisha seva ndogo yenye mfumo endeshi wa Ubuntu, mathalani aina ya t3.micro yenye memori ya gigabaiti 1. Utatengenezewa ufunguo, yaani faili la .pem, ambalo ni lazima ulipakue papo hapo kwa kuwa halitolewi mara ya pili. Kisha zinakuja kanuni za nani aruhusiwe kuingia, na hapa ndipo wanaoanza wengi huteleza: huiacha poti 22, yaani mlango wa kuingilia kwenye seva ukiwa mbali, wazi kwa 0.0.0.0/0, yaani kwa dunia nzima, na programu za wadukuzi huanza kubahatisha nywila bila kukawia. Ruhusu anwani yako ya IP pekee. Anayetumia intaneti ya simu ajue kwamba anwani hiyo hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo muunganisho ukigoma kesho yake, arekebishe kanuni hiyo kabla ya kulaumu seva.

Hatua ya 4. Kwenye kompyuta yako, andika amri hizi; ya kwanza hulifanya faili la ufunguo lisomwe na wewe tu, ya pili hukuingiza kwenye seva:

chmod 400 ufunguo.pem
ssh -i ufunguo.pem ubuntu@anwani-ya-seva

Hatua ya 5. Seva iliyosimamishwa haitozwi muda wa matumizi, ila diski yake huendelea kutozwa. Mazoezi yakiisha, ifute kabisa, kisha upitie orodha ya diski na ya anwani za IP za kudumu, kwa sababu anwani uliyotengewa hutozwa hata isipounganishwa na seva yoyote.