Msumeno wa zamani wa Disston: kuutambua, kuusafisha na kuunoa mwenyewe

Ukipita sokoni Darajani, hapa Unguja, au kwa wale wanaouza vyuma vya mitumba utakuta misumeno ya mkono ya zamani imelazwa chini pamoja na pasi mbovu na mapanga, imeshika kutu mpaka imekua kahawia, na bei yake mara nyingi haifiki ule mpya wa mpini wa plastiki uliotundikwa dukani. Watu wanairuka. Mie nasema usiiruke kwanza, inua mmoja mmoja, futa pale kwenye mpini, utaona nati za shaba na moja kati yao ni kubwa zaidi na ina maandishi ya mviringo. Yasome. Ikiwa imeandikwa Disston basi yakhe toa pesa, kupatana bei utapatana lakini usiondoke ukauacha.

Sababu yangu ni moja tu na ndo nataka uishike: misumeno mingi mipya meno yake yamegumishwa kwa umeme kiwandani, magumu mno, ukiyatia tupa, tupa yenyewe inateleza tu haiumi. Makali yakesha, khalas, unatupa unanunua mwengine. Huu wa zamani chuma chake ni kigumu cha kushika makali lakini kinakubali tupa, kwahivyo unanolewa, unatumika, unanolewa tena, mpaka bapa lenyewe, yani ule ubati wa chuma wenye meno, liishe upana.

Sasa huyo Disston ni nani. Henry Disston alizaliwa Tewkesbury, Uingereza, mwaka 1819. Mwaka 1833 baba yake akamchukua yeye na dada yake wakahamia Marekani, wakashuka Philadelphia, na siku tatu baadae baba akafariki. Mtoto wa miaka 14 kabaki ugenini hana mtu, akaingia kujifunza kazi ya misumeno. (Mwaka huohuo 1833 ndo Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani, kwahivyo vitu vya kwao kufika huku si ajabu, ingawa tusidanganyane, kwa vile tulikua chini ya Muingereza misumeno mingi utakayokutana nayo itakua ya Sheffield, mji wa Uingereza. Na hiyo pia mizuri, namna ya kunoa ni hiihii.)

Mwaka 1840 Henry akafungua karakana yake. Shida yake ilikua chuma, mana chuma kizuri cha misumeno wakati ule kilitoka Uingereza na Wamarekani wenyewe walikua hawaamini kua kuna msumeno wa kwao unaoweza kuushinda wa Muingereza. Mwaka 1855 akajenga tanuri lake akaanza kuyeyusha chuma mwenyewe. Hapo ndo mambo yakabadilika. Mwaka 1865 akamtia mwanawe mkubwa Hamilton kwenye biashara, jina likawa Henry Disston & Son, alafu wadogo zake nao wakaingia likawa & Sons, na hilo ndo utaliona zaidi kwenye nati kubwa pamoja na neno PHILADA, ni Philadelphia hiyo wameifupisha. Miaka ya 1870 wakaanza kukihamishia kiwanda Tacony, pembezoni mwa mji, mzee akawajengea wafanyakazi nyumba na kwenye hati za ardhi akaweka sharti kua hapauzwi pombe. Angefaa kua sheha huyu. Akafa 1878. Hamilton akashika usukani, na 1881 akanunua ardhi Florida eka milioni 4 kwa dola milioni 1, yani senti 25 kwa eka moja. Ardhi hiyo ni karibu mara kumi ya Unguja nzima. Familia ilikaa na kiwanda mpaka 1955 wakakiuza.

Kwenye hataza, yani ile haki ya mvumbuzi asiigwe, ya kuijua wewe mnunuzi ni ya 1874. Kabla ya hapo mgongo wa msumeno ulikua umenyooka moja kwa moja. Disston akaukata mgongo uingie ndani kidogo kwa mpindo, msumeno ukapungua uzito na ukawa unakaa vizuri mkononi, na hapo ndo ikazaliwa D-8, msumeno uliouzwa dunia nzima. Kwahivyo ukiuona mgongo umebonyea kuelekea ncha, usidhani mtu kaukwangua. Ndivo ulivyotengenezwa. Tahadhari moja: ukikuta nati ina picha ya tai na maneno Warranted Superior bila jina la mtu, hiyo ilitengenezwa na viwanda vingi, inaweza kua mizuri ila usiilipie bei ya Disston.

Kabla hujalipa fanya mambo mawili. Kamata mpini, weka meno juu, funga jicho moja uangalie mstari wa meno kutoka nyuma hadi ncha. Mpindo mrefu mpole unaweza kunyooka, lakini kama kuna mahali pamevunjika ghafla pana kona, acha, hata fundi mzuri atahangaika nayo. Pili kunja bapa taratibu mpaka lifanye upinde, alafu liachie. Likirudi limenyooka, chuma kipo hai. Kutu ya juu isikutishe, inayotisha ni ile iliyokula mashimo karibu na meno, mana utaponoa jino litaangukia kwenye shimo na litavunjika.

Kusafisha. Fungua mpini kwanza. Nati za zamani zimepasuliwa mfereji katikati na screw yenyewe inatokeza, bisibisi ya kawaida haiingii. Chukua bisibisi pana ya zamani, ikate kijipengo katikati ya ncha kwa tupa, ibaki meno mawili, ndo itakaa. Tia tone la mafuta ya taa, subiri, zungusha polepole, shaba ile laini ukilazimisha inakatika na kuipata nyengine hapa ni mtihani. Mpini wa hii misumeno wengi ni mti wa epo, hauhitaji vanishi, usiupake rangi tafadhali, futa uchafu alafu paka mafuta kidogo basi.

Bapa lilaze juu ya ubao ulionyooka. Kutu nene iondoe kwa wembe uliolazwa karibu usawa na chuma, unasukuma unakwangua, utaona vumbi jekundu linatoka kama unga. Alafu mafuta ya taa na msasa wa maji namba 400 uliozungushiwa kipande cha mbao, unasugua kufuata urefu wa bapa tu, usizungushe mkono. Kuna watu wanaroweka kwenye ndimu au siki usiku kucha. Kutu inatoka kweli, lakini na maandishi yanaondoka nayo. Mana katikati ya bapa Disston waliandika kwa asidi jina na namba ya modeli, yapo juu juu sana, ukifika hapo punguza mkono, yakianza kujitokeza meusi meusi simama hapohapo. Mimi hilo bapa lenye baka na maandishi yake nalipenda kuliko linalong'aa halina jina.

Haya, kunoa. Hapa ndo kwenye kazi, wala usikimbilie.

Jua kwanza una msumeno gani. Karibu na mpini, chini ya bapa, kuna namba ndogo imegongwa, hiyo ni idadi ya ncha za meno kwenye inchi moja. 5 au 6 mara nyingi ni wa kupasulia, yani kufuata nyuzi za mti. 8 na 10 ni wa kukatia, kukata nyuzi. Meno ya kupasulia uso wake wa mbele umesimama karibu wima na umenolewa mraba, yani tupa imelikatiza bapa moja kwa moja bila ya mshazari. Ya kukatia yamelala nyuma kidogo na kila moja limenolewa kwa mshazari, moja upande huu jengine upande ule. Wengine wa kabla yako huenda walinoa ovyo wakaubadilisha, amini meno unayoyaona kuliko namba.

Vifaa: tupa ya pembetatu, tupa bapa, jiliwa (kile chombo cha kubania kazi), mbao mbili nyembamba ndefu. Tupa ya pembetatu chagua ambayo upana wa upande wake mmoja ni kama mara mbili ya kina cha jino, ili ukimaliza kona moja una nyengine mbili bado mpya. Tupa mpya, usichukue iliyokwisha ukategemea makali.

Funga msumeno baina ya mbao mbili kwenye jiliwa, meno yatokeze kidogo sana, mabonde yake yawe karibu kugusa mbao. Ukinoa ukasikia mlio wa kukwaruza unaotoboa masikio jua umeuacha juu mno na bapa linatikisika, shusha. Chukua tupa bapa, ilaze juu ya ncha za meno, ipitishe kutoka nyuma mpaka mbele mara moja mbili, mpaka kila jino lipate kijidoa king'aacho kwenye ncha. Jino ambalo halijapata ni fupi, endelea mpaka nalo lifikiwe. Vijidoa hivyo ndo dira yako. Kaa mahali pana mwanga wa dirishani, mchana, usitegemee taa ya chumbani.

Kisha kupinda meno, na hii kama meno bado yamepanuka vizuri iruke, si kila ukinoa unapinda. Kuna koleo yake maalum, unabana inasukuma jino pembeni. Pinda nusu ya juu ya jino tu, ukipinda kutoka kwenye shina linavunjika. Moja kulia moja kushoto, fuata yalivyokua yameelekea zamani, usiyageuze. Kiasi gani inategemea mti: mbao mbichi, mfenesi uliokatwa juzi kwa mfano, unataka meno yapanuke zaidi mana unabana bapa, mninga mkavu unataka kidogo. Na mnazi, ah, mnazi mkomavu unamaliza makali ya kila kitu, usiupeleke msumeno wako mzuri kwenye mnazi.

Wa kupasulia ni rahisi: tupa ingia kwenye bonde, mraba na bapa, usawa, sukuma mbele tu, inua rudi, sukuma. Usivute tupa nyuma ikiwa imegusa chuma, unaiua. Idadi ya kusukuma iwe sawa kila bonde.

Wa kukatia: funga msumeno mpini uwe kuliani kwako. Anzia ncha. Tafuta jino la kwanza lililopindwa kuja upande wako, weka tupa kwenye bonde lililo kushoto yake. Sasa mpini wa tupa usogeze kushoto, digrii kama 25 kutoka kwenye mraba, ile ncha ya tupa iwe inaangalia kwenye mpini wa msumeno. Sukuma mpaka vile vijidoa ving'aavyo kwenye meno mawili yanayogusana na tupa vimebaki nusu. Nusu tu. Ruka bonde moja, fanya linalofuata, hivyo hivyo mpaka mwisho. Alafu geuza msumeno mpini uje kushoto, anza tena kwenye ncha, jino la kwanza lililoelekea kwako, safari hii bonde la kulia yake na mpini wa tupa usogezwe kulia. Sukuma mpaka vijidoa vimalizike kabisa. Vikimalizika tu acha, ukiongeza hata mara moja jino hilo linakua fupi kuliko wenzake.

Kipimo cha mafundi wa zamani kwa wa kukatia: ukimaliza angalia kutoka juu, meno yamefanya mistari miwili na katikati kuna mfereji. Weka sindano ya kushonea kwenye mfereji, inamisha msumeno, sindano iteleze moja kwa moja mpaka mwisho bila ya kuanguka. Ikiruka mahali, pale kuna jino halijakaa sawa.

Futa vumbi lote la chuma, rudisha mpini, paka bapa mafuta ya cherehani kwa kitambaa. Huku kwetu upepo wa bahari hauna huruma, ukiuacha mtupu wiki moja karibu na dirisha la pwani kutu imerudi. Na usiuegemeze kwenye ukuta wa saruji, uning'inize.

Jaribu kwenye mbao isiyo na thamani, piga mstari kwa penseli, kata bila ya kukandamiza, uache uzito wa msumeno wenyewe ufanye kazi. Ukiona unakimbilia upande mmoja hata ukiushikilia, meno ya upande huo yamezidi kupanuka. Lilaze bapa, pitisha jiwe la kunolea mara moja kwenye ubavu wa meno ya upande huo, jepesi, alafu kata tena uone.