Kubadilisha pampu ya mafuta ya gari kuukuu ukiwa ughaibuni

Wengi wetu tunaoishi ughaibuni huanza na gari kuukuu, na gari kuukuu halikosi maradhi. Pampu ya mafuta huchoka polepole: gari linachelewa kuwaka asubuhi, linakosa nguvu mlimani, au linazimika likishapata moto na kukubali tena baada ya kupoa. Gereji ikikutajia gharama ya ufundi inayozidi bei ya pampu yenyewe, si ajabu ukafikiria kuifanya kazi hiyo kwa mikono yako. Inawezekana, mradi ujue kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla tangi halijafunguliwa.

Maelezo haya yanahusu gari la petroli lenye pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi, kama yalivyo mengi ya magari ya nozeli, yaani yanayopuliziwa mafuta kwa presha, ya miaka ya 1990 na baadaye. Gari la kabureta lenye pampu inayoendeshwa na injini ni jambo jingine, na jepesi zaidi, kwa kuwa pampu yenyewe imefungwa nje, ubavuni mwa injini.

Usinunue pampu mpya kabla ya kuthibitisha kwamba ya zamani imekufa. Fungua swichi bila kupiga stata, huku mtu mwingine ametega sikio karibu na tangi. Katika magari mengi atasikia mvumo wa kama sekunde 2, kisha kimya. Asiposikia kitu, anza na fyuzi, kisha rilei (swichi ndogo ya umeme inayoiwasha pampu), ambayo unaweza kuijaribu kwa kuazima nyingine ya aina ileile kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi. Baada ya hapo pima umeme kwenye plagi ya pampu wakati msaidizi wako anapiga stata. Kipimo kinapaswa kukaribiana na cha betri. Hatua hii niliwahi kuiruka. Nilibadilisha pampu iliyokuwa nzima, na gari likagoma vilevile, kwa sababu waya hasi unaofungwa kwenye bodi ulikuwa umeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Kwa nje ulionekana mzima. Nilipouchuna, shaba ya ndani ilikuwa unga wa kijani. Kama pampu inavuma lakini gari halina nguvu, pima presha ya mafuta na ulinganishe na kitabu cha gari, maana mifumo mingi ya nozeli huhitaji baa 3 hivi, na chujio lililoziba huleta dalili zilezile.

Mahali pa kufanyia kazi ni suala zito kuliko vifaa. Soma kwanza mkataba wa nyumba, kwani wenye nyumba wengi hawaruhusu matengenezo ya magari kwenye maegesho, na usithubutu kufungulia tangi katika maegesho ya chini ya jengo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni na kutuama hadi ukutane na cheche au moto wa boila. Baridi nayo isikudanganye: petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Fanyia kazi nje, tangi likiwa chini ya robo, kizimamoto cha unga kikiwa karibu, na umulike kwa tochi ya LED badala ya taa ya balbu inayoweza kupasuka.

Ili kutoa presha, chomoa fyuzi ya pampu, washa injini na uiache ijizimie yenyewe, kisha piga stata tena kidogo. Zima swichi, ondoa waya hasi wa betri, na ufungue kifuniko cha kujazia mafuta. Hata baada ya hapo, funika kila kiungo kwa kitambaa unapokifungua, kwa sababu mabaki hayakosekani.

Katika magari mengi madogo, pampu hufikiwa kwa kuinua kiti cha nyuma. Kama gari lako linadai tangi zima lishushwe, ningekushauri uiachie gereji, maana tangi linaloyumba juu ya jeki si kazi ya mtu mmoja. Piga picha ya mipira na plagi, kisha safisha mchanga wote kuzunguka kifuniko kabla ya kukilegeza, la sivyo mchanga huo utaangukia ndani ya tangi. Ringi inayokibana uigonge kwa kipande cha mbao au shaba, kamwe usitumie chuma kwa chuma. Inua pampu taratibu huku ukiiinamisha, ili mkono wa boya la geji ya mafuta usipinde. Ukipinda, geji itakudanganya daima.

Kwenye pampu mpya weka chujio dogo jipya na mpira mpya wa kuzibia. Kipande cha mpira wa kupitishia mafuta kilicho ndani ya tangi kiwe cha aina iliyotengenezwa kuzamishwa, kwa kawaida huandikwa SAE 30R10. Mpira wa kawaida wa mafuta hustahimili petroli inayopita ndani yake, lakini ukiloweshwa nje hulainika na kupasuka. Utepe wa umeme nao usiutumie humo ndani, kwa kuwa gundi yake huyeyuka.

Ukisharudisha kila kitu, fungua na kuzima swichi mara 3 au 4 bila kupiga stata, kagua viungo kwa macho na pua, ndipo uwashe. Kiti usikirudishe kabla injini haijanguruma kwa dakika 10 hivi bila harufu wala unyevu. Kama ulipunguza petroli kwenye tangi, ihifadhi katika dumu maalumu la mafuta na uipeleke kwenye kituo cha taka hatarishi cha manispaa, usiimwage mtaroni. Vitambaa vilivyolowa vitandaze nje vikauke, mbali na moto, kabla ya kuvipeleka huko pia.