Pedi za Breki: Kuchagua Kati ya Jenuini na Mbadala kwa Gari la Mwanza

Mwenye gari anayeingia katika duka la spea jijini Mwanza kununua pedi za breki huulizwa kwanza, "Unataka jenuini au ya kawaida?", na wengi hujibu kwa kuangalia pochi zao tu. Swali hilo linaficha mengi. Juu ya kaunta ileile huweza kuwekwa pedi za aina nne: jenuini, yaani zilizofungwa katika boksi la kampuni iliyounda gari, za kiwanda kinachoiuzia kampuni hiyo pedi lakini safari hii zikiuzwa kwa jina la kiwanda chenyewe, za viwanda vingine ambavyo ubora wao hutofautiana sana, na za kughushi zilizovishwa boksi la jenuini. Kwa maoni yangu, mnunuzi aiogope pedi isiyojulikana imetoka wapi kuliko pedi isiyo na nembo ya gari lake, kwa sababu pedi mbadala ya kiwanda kinachojulikana ni salama kuliko jenuini ya mashaka.

Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi pedi zenyewe. Toyota, ambazo zimejaa katika barabara zetu kuanzia IST na Vitz hadi Hiace za abiria, hutegemea wauzaji kama Advics, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2001 na Toyota yenyewe pamoja na Aisin, Denso na Sumitomo Electric. Akebono na Nisshinbo, ambazo nazo ni za Japani, zimeviuzia viwanda vya magari pedi kwa miaka mingi. Ukikuta boksi lenye jina mojawapo kati ya hayo, na likawa halisi, umeshika bidhaa ya mtu anayejua kazi hiyo, hata kama haina neno Toyota popote.

Hata hivyo jenuini ina faida moja ambayo haipuuziki. Mchanganyiko wa liningi yake, yaani ile sehemu inayosugua diski, umepimwa pamoja na kalipa (kifaa kinachoibana pedi kwenye diski), diski na uzito wa gari hilohilo, na mara nyingi huja na vibati vya nyuma vinavyozuia kelele. Fundi hahitaji kuikata wala kuisugua ili iingie. Mwenye gari ambalo bado ni jipya, au lenye mfumo wa breki wenye vihisi vingi, na anayeweza kuthibitisha kwamba boksi ni halisi, anunue jenuini asihangaike zaidi. Wengine wetu, wenye magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika miaka kumi au zaidi, tuna nafasi pana ya kuchagua.

Kinachotofautisha pedi na pedi zaidi ya jina ni malighafi ya liningi. Pedi za organiki, yaani za nyuzi zilizogandishwa kwa gundi bila chuma kingi, ambazo ndizo magari mengi ya Kijapani huja nazo, ni tulivu, hazitoi vumbi jingi wala hazili diski haraka, ila huchoka mapema zikipata joto kali. Za semi-metali zina chuma kingi, kwa kawaida kati ya asilimia 30 na 65 ya uzito wa liningi. Hustahimili joto na mzigo, lakini zina kelele, hung'ata vibaya zikiwa baridi na humaliza diski mapema. Za seramiki ni tulivu, safi na hudumu, na bei yake huwa juu. Kwa gari la familia la mjini ni chaguo zuri, ingawa si lazima ziishinde semi-metali katika gari la mizigo.

Hapa ndipo Mwanza yenyewe inapoingia katika hesabu. Gari linalosimamishwa kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzipa breki joto mara nne ya lile linalosimamishwa kutoka kilomita 40, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa mwendo, na uzito nao huongeza joto kwa kadiri yake. Mwalimu anayeishi Isamilo na kushuka mlima huo asubuhi akiwa na watoto wawili katika Vitz anatosheka na pedi za organiki au seramiki, mradi ateremke kwa gia ndogo badala ya kuikanyaga breki njia nzima. Pikapu inayobeba magunia ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, na kuelekea Geita haiko katika hali hiyo. Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, gari la mzigo halisimami tena kusubiri kivuko, hivyo hukimbia moja kwa moja kutoka Usagara hadi Sengerema, na mwendo mrefu wenye mzigo unataka semi-metali nzuri hata kama jenuini ya organiki ipo dukani. Hiace ya abiria inayosimama kila kituo kati ya Nyegezi na Buzuruga nayo naiweka katika kundi hilohilo, kwa sababu breki zake hazipati muda wa kupoa.

Kabla ya kwenda dukani, piga picha ya kadi ya gari au kibao chenye namba ya chasisi. Jina la gari peke yake halitoshi: IST za NCP60, NCP61 na NCP65 ni gari moja machoni pa mtu, lakini injini na mifumo yake hutofautiana, na muuzaji makini ataanza na namba hiyo. Kwa Toyota, namba ya spea ya pedi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na za shuu za dramu (breki za ngoma, ambazo hutumia shuu badala ya pedi) 04495. IST za namba hizo zina dramu nyuma, kwa hiyo anayekuuzia "pedi za nyuma" zake hajui anachouza. Ikiwezekana, nenda na pedi ya zamani uziweke mgongo kwa mgongo na mpya: masikio ya pembeni, upana na nafasi ya kibati cha kelele vilingane. Fundi akianza kutafuta tupa ili asugue masikio ya pedi, mrudishe dukani, maana pedi hiyo si ya gari lako.

Sasa ishike pedi mkononi na uitazame ubavuni, penye mstari wa herufi na tarakimu ndogo zilizochapwa kwa rangi au kugongwa. Viwanda vingi huandika hapo jina la mtengenezaji, namba ya mchanganyiko, kisha herufi mbili kama FF au GF. Herufi ya kwanza inaeleza kipimo cha msuguano, yaani jinsi pedi inavyoshika diski, ikiwa na joto la kawaida, na ya pili ikiwa imechemka: E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. FF inatosha kwa gari la kawaida. FE maana yake ni kwamba pedi hushika vizuri asubuhi na kulegea ikichemka, na mimi singeifunga kwenye gari la abiria. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani wala kama itapiga kelele, na pedi yenye G si lazima iwe bora kwa kila gari, kwa kuwa breki za mbele na za nyuma zilipangwa kufanya kazi kwa uwiano.

Alama nyingine inayofaa kutafutwa ni herufi E ndani ya duara ikifuatiwa na namba, pamoja na maandishi 90R. Hiyo ni alama ya kanuni ya Umoja wa Mataifa inayozitaka pedi mbadala zifanye kazi ndani ya asilimia 15 ya pedi za asili, na ziuzwe katika boksi lililofungwa. Alama yenyewe huweza kughushiwa, kwa hiyo usiishie hapo. Chapa iliyofifia, boksi lisilo na namba ya spea, namba ya boksi isiyolingana na ile iliyogongwa kwenye chuma cha nyuma, nyufa au nafasi kati ya liningi na chuma hicho, au pedi moja katika seti yenye rangi tofauti na wenzake: dalili moja kati ya hizo yatosha kuiacha. Bei ya jenuini iliyo sawa na ya pedi za kawaida ni dalili pia. Pedi za mtumba zilizong'olewa kwenye gari lililokatwa sizishauri kwa bei yoyote, kwa sababu hakuna ajuaye zimechemka mara ngapi au zimenyonya mafuta kiasi gani.

Dai risiti ya EFD yenye jina na namba ya bidhaa. Bila risiti huna pa kuanzia ukigundua umeuziwa feki, na bidhaa za kughushi hushughulikiwa na Tume ya Ushindani chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Kuhusu bei, gawa kwa muda. Tuseme seti ya shilingi 40,000 inakwisha kwa miezi minane na ya shilingi 90,000 inakwenda miezi 24; ya kwanza inakugharimu 5,000 kwa mwezi na ya pili 3,750, kabla hujahesabu ufundi wa kila mara na diski iliyoliwa.

Pedi nzuri huharibiwa na ufungaji mbaya, na gereji zetu zina tabia ya kuvitupa vibati vya nyuma eti vinabana. Simama karibu. Pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, hata kama upande mmoja bado mnene. Pini za kalipa zisafishwe na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto, si grisi ya bearing, ambayo huvimbisha mpira. Diski ipimwe unene na kulinganishwa na kiwango cha chini kilichogongwa juu yake. Vumbi lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo: baadhi ya liningi, hasa zisizojulikana, huweza kuwa na asbesto, na Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Tazama pia mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwa nyuzi za Selsiasi zisizopungua 205, lakini huvuta unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Ukiwa mlimani pedeli ikazama laini, shuku mafuta. Ikibaki ngumu na gari halisimami, shuku pedi.

Baada ya kufunga, kanyaga pedeli mara kadhaa gari likiwa limesimama mpaka iwe ngumu, kisha nenda kwenye barabara tulivu, kwa mfano ya kuelekea Usagara alfajiri. Punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, kwa nguvu ya wastani, kama mara kumi bila kusimama kabisa, halafu endesha taratibu breki zipoe. Kwa siku chache za mwanzo epuka mzigo mzito. Katika sevisi inayofuata mwambie fundi apime pedi ya ndani na ya nje ya kila gurudumu: liningi ikibaki milimita 3, panga kubadilisha, na ikiwa ya ndani imeliwa zaidi ya ya nje, pini au pistoni imekwama na inapaswa kufunguliwa kabla hujanunua seti nyingine.