Namna ya kutumia maisha yako kama data ya utafiti: mfano wa mchezo wa mama sokoni Bagamoyo

Wanafunzi wanaokuja Bagamoyo kufanya utafiti huniuliza kama wanaruhusiwa kuandika "mimi" kwenye ripoti. Ruhusa ipo siku nyingi. Mwaka 1959 mwanasosholojia wa Marekani, C. Wright Mills, aliwashauri watafiti waweke faili ambamo waliyosoma yanachanganyika na yaliyowapata maishani. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande hizi hizi, aliandika desturi za Waswahili wenzake, zikachapwa Ujerumani mwaka 1903. Shughuli ni kuyahoji hayo maisha, maana kumbukumbu ni shahidi mwenye maneno mengi. Nitaonyesha kwa mfano wangu.

Hatua ya 1: Tafuta swali

"Nilivyokua kwa shida" si swali. Mama yangu alinunua samaki mnadani pwani, akakaanga na kuuza. Pale sokoni alicheza mchezo, wengine huuita upatu: wanawake kumi, kila mmoja shilingi 2,000 kwa wiki, kijumbe anakusanya, mmoja anaondoka na 20,000. Swali langu likawa: nani hupata zamu ya mwisho, na kwa nini?

Hatua ya 2: Andika kabla hujamuuliza mtu

Ukishazungumza na dada yako, kumbukumbu zake zitaingia kwenye zako na hutazitoa tena. Mimi hupiga mistari daftarini nikapata safu tatu: nilichoona, nilichoambiwa, ninachodhani leo. Ya tatu ndiyo hujaa kwanza, usishtuke. Kwenye ya kwanza weka vitu vidogo: kopo la maziwa lenye sarafu, harufu ya mafuta kwenye khanga, nani alikaa wapi. "Mama alionewa" haikai hapo. Mimi niliiweka, nikaja kuihamisha kwa aibu.

Hatua ya 3: Itafutie tarehe

Utoto hatuukumbuki kwa miaka bali kwa matukio. Ilikuwa kabla ya mvua za El Nino za 1997 na 1998, au baada? Mwalimu Nyerere alikuwa ameshafariki, Oktoba 14, 1999? Mimi niliandika kwamba fedha za mchezo zilinilipia ada ya darasa la tano mwaka 2002. Haiwezekani, kwa sababu ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwaka 2001. Ama mwaka si huo, ama haikuwa ada. Baadaye dada alinisahihisha: zilikuwa sare na michango.

Hatua ya 4: Ipeleke kwa waliokuwepo

Hapa ndipo penye utamu. Kwa miaka mingi niliamini mama alibanwa na kijumbe hadi zamu ya mwisho kwa unyonge wake. Aya ya uchambuzi nilikuwa nimeshaiandika, tena kwa maneno makali. Nikaenda kwa mama. Usimsomee mtu ulichoandika, muulize tu, "Zamu mlikuwa mnazipangaje?" halafu nyamaza.

Alicheka. Zamu ile aliiomba mwenyewe. Anayepokea kwanza, alisema, amekopa kwa wenzake na atalipa wiki tisa zilizobaki. Anayepokea mwisho amejiwekea, na kibubu kilichoko mikononi mwa wanawake tisa hakivunjwi na mume. Waliokuwa na shida ndio waliolilia zamu ya kwanza.

Sasa usikimbilie kufuta ulichoamini. Andika yote mawili, kisha uulize mtoto yule aliona nini hata akadhani ni uonevu. Mimi nilikuwa nahesabu wiki, naona watoto wa wenzake wanavaa sare mpya, zamu yetu haifiki. Kilichokuwa akiba kwa mama, kwangu kilikuwa kuchelewa. Dodoso langu la awali halikuwa na swali la kuuliza kama mtu aliomba zamu au alipangiwa. Nililiongeza siku hiyo hiyo.

Ila usivuke hapo. Maisha yangu yanaonyesha jambo linavyotendeka. Ni wanawake wangapi sokoni huomba zamu ya mwisho, hayajui. Hiyo ni kazi ya dodoso.

Hatua ya 5: Omba ridhaa

Maisha ni yako, waliomo si mali yako. Kubadili majina hakusaidii: jina langu liko kwenye jalada la ripoti, na mama ninaye mmoja. Kibali cha utafiti nacho hakimalizi neno. Keti na mhusika, msomee aya kwa aya.

Habari za fedha mama alizikubali zote, hata akanirekebisha kiasi cha mafuta ya kukaangia. Tulipofika kwenye sentensi mbili kuhusu baba, alinyamaza, akaomba maji, akasema, "Hizo ziache, mwanangu." Ziko daftarini, safu ya kwanza. Kwenye ripoti hazimo.