Funga Laini Kwanza, Simu Baadaye: Mwongozo wa Fundi wa Kondele

Wateja wanaofika kibandani hapa Kondele, Kisumu, huuliza kioo cha kulinda skrini, kisha kava, kisha chaja. Laini hawaiulizii, na laini ndiyo mwizi anayoitaka. Simu ataiuza kwa bei ya kutupa. Laini inamsogeza karibu na M-Pesa yako, inampa WhatsApp, na zile namba za kuthibitisha ambazo benki hukutumia kwa meseji zinaingia kwake. Alama ya kidole kwenye skrini haimzuii: anachomoa laini, anaitia kwenye simu nyingine, kazi imeisha.

Nimepanga hatua hizi kwa uzito wake, kwa hiyo ukichoka katikati angalau utakuwa umemaliza zile kubwa.

Hatua ya 1: Weka PIN kwenye laini yenyewe

Hii si PIN ya M-Pesa, wala si ile ya kufungua skrini. Ni namba ambayo laini inaidai kila simu inapowashwa, hata ikihamishwa kwenye simu nyingine. Kwenye Android fungua mipangilio, kisha andika "SIM" pale juu pa kutafutia, maana kila kampuni ya simu huificha mahali pake. Tafuta sehemu ya kufunga SIM. Kabambe, zile simu ndogo za vitufe, nazo zinayo, ndani ya mipangilio ya usalama.

Utaulizwa PIN ya sasa kwanza, na hapo ndipo watu huharibu. Usibahatishe. Ukikosea mara 3, laini inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, laini hiyo imekufa. PIN hiyo itafute kwenye ile kadi ya plastiki uliyobandua laini siku ulipoinunua. Kama uliitupa, na wengi waliitupa, piga huduma kwa wateja uulize kabla ya kugusa kitu. Ukishafaulu, badilisha PIN iwe yako, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Mwaka huo uko kwenye kitambulisho, na kitambulisho chenyewe, nikifungua simu za watu hapa, huwa nakikuta nyuma ya kava.

Kitoe huko leo. Mwizi mwenye laini yako na namba ya kitambulisho chako ana majibu ya maswali mengi atakayoulizwa akijifanya ni wewe.

Hatua ya 2: Zuia laini isibadilishwe na mtu mwingine

Mkora mwingine hahitaji kugusa simu yako. Anaomba laini mpya yenye namba yako, yako inazimika, yake inawaka. Kwa laini ya Safaricom, bonyeza *100*100# ufuate maagizo. Baada ya hapo, ukitaka kubadilisha laini itabidi uende mwenyewe kwenye duka lao na kitambulisho. Wakala wa mtaani hataweza. Kwa mtu wa huko mbali ziwani, Usenge au Sio Port, hiyo ni nauli na siku nzima. Bado nasema ifanye.

Na siku mtandao ukipotea kwenye simu yako peke yako, wakati walio karibu nawe wanapiga simu vizuri, usingoje urudi. Azima simu upige huduma kwa wateja papo hapo.

Hatua ya 3: WhatsApp

Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Weka PIN ya tarakimu 6 na barua pepe unayoifungua kweli. Dakika mbili tu.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma meseji ya pesa

Mama mmoja muuza omena soko la Kibuye aliniletea simu. "Fundi, nimetumiwa pesa na siioni." Meseji ilikuwa imeandikwa vizuri kabisa, hata na namba ya muamala. Lakini ilitoka kwa namba ya kawaida ya 07, na ilikaa peke yake juu, mbali na meseji zake za MPESA za tangu mwaka jana. Halafu ilimtajia salio la elfu kadhaa, na asubuhi hiyo alikuwa na mia nne. Aliyeituma alikuwa ameshampigia mara tatu akilia kwamba ni pesa za hospitali, amrudishie.

Kwa hiyo: angalia jina la mtumaji, angalia kama meseji imeingia chini ya ile ya jana, kisha angalia salio lako mwenyewe kwa *334#. Hata pesa ikiwa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyekosea apeleke meseji yake ya muamala kwa 456. Ukimrudishia mwenyewe, anaweza kuomba na ile ya kwanza irudishwe pia, ukalipa mara mbili.

Safaricom hupigia wateja kwa 0722 000 000 tu. Mtu wa namba nyingine akikwambia ubonyeze kitu kinachoanza na *21* au *33*, kata simu. Ya kwanza huhamishia simu zako kwake, ya pili huzuia usipige nje. Kama ulishabonyeza ya *21*, piga ##002# kufuta uhamisho wote. Meseji ya utapeli itume kwa 333, ni bure.

Hatua ya 5: Ikiibwa

Laini kwanza: piga huduma kwa wateja wafunge. Kisha benki. Kisha polisi kwa abstrakti, ile karatasi ya kuthibitisha umeripoti, ukiwa na IMEI, namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata sasa kwa *#06# na kuiandika kwenye karatasi ya nyumbani. Kuiandika ndani ya simu hiyohiyo hakusaidii. Mengine, kama kufuta picha kupitia akaunti yako ya Google, yanaweza kungoja.

Hatua ya 6: Laini usizozijua

Bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda na kitambulisho kwenye duka la mtandao huo waiondoe. Wahi asubuhi, baada ya saa tano foleni inafika mlangoni.