Ukiwa bado unajiuliza kama mumeo wa zamani alikuwa na mwingine

Tuliachana kitambo na eda ikaisha, lakini swali lilibaki nami hapa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu: zile safari zake za kisiwa cha Kiwayu, zote zilikuwa safari kweli? Lamu hii wanawake wengi wana swali kama hilo, na wakilitaja huambiwa yaliyopita si ndwele. Mimi siwezi kumwambia hivyo mwanamke asiyelala usiku. Swali lake lishughulikiwe, ila kwa utaratibu.

Anza na afya, hiyo haingoji ushahidi. Kupima virusi vya UKIMWI ni bure katika hospitali na zahanati za serikali, na jibu ni la kutegemewa zaidi ikishapita miezi mitatu tangu mlipolala pamoja mara ya mwisho. Omba wakupime pia kaswende na homa ya ini aina ya B, maana hizo hukaa mwilini muda mrefu bila dalili. Nenda hata kama moyo unakwambia alikuwa mwaminifu.

Halafu chukua daftari, chora safu tatu: niliyoyaona, niliyoambiwa, niliyoyaunga mwenyewe baadaye. Andika mchana, watoto wakiwa chuoni, madrasa. Usiku kila jambo huonekana ushahidi.

Mume wangu alikuwa nahodha wa watalii. Safu yangu ya kwanza ilikuwa fupi. Alirudi safari moja na kikoi kimefuliwa, kimepigwa pasi, kimekunjwa mraba mdogo mdogo. Mimi vikoi huvikunja kwa urefu kisha nikaviringa. Na simu alikuwa akiitoa mfukoni kabla hajavua kanzu, akailaza kifudifudi juu ya dirisha. Safu ya pili: jirani alisema amemwona Mokowe, kule bara, siku ambayo mimi nilijua yuko baharini. Safu ya tatu ilijaza kurasa, na humo ndimo mlimokuwa na mwanamke mwenye sura, nyumba na sauti, ambaye sijapata kumwona.

Sasa kila jambo la safu ya kwanza liulize kama kazi yake inalieleza. Kwa mke wa baharia, hapa ndipo penye maana. Wakati wa kaskazi, kwenda Kiwayu kwa tanga ni kupigana na upepo, basi kuchelewa si ajabu. Mkanda nao, ule mkondo kati ya Manda na bara, chombo kikubwa hupita maji yakijaa. Yakikupwa mbele yako, unangoja. Kwa hiyo usiku mmoja wa ziada niliufuta daftarini. Siku tatu za ziada, tena msimu ambao wenzake walikuwa wamerudi, sikuzifuta. Kikoi nilikiwekea alama ya kuuliza, kwani mahali wanapolala wageni hapakosi mfuaji nguo.

Ukimaliza, usimtafute mtu wa kukujazia safu ya pili. Wifi atamtetea nduguye au atakuchochea, na vyote viwili havikufai. Watoto usiwaulize kabisa, hata kwa kuzungukazunguka. Na jina la mwanamke unayemshuku lisikutoke mdomoni barazani wala arusini: Suratun Nur, aya ya 4, inataka mashahidi wanne kwa anayemsingizia mwanamke uzinzi, na wewe una kikoi.

Kuna jambo moja tu ambalo naona linastahili kufuatiliwa hadi mwisho. Kwetu huenda hakuwa na hawara, alioa kimyakimya. Kama alioa na akazaa, watoto wako wana ndugu zao, na ndugu wa baba mmoja hawaoani. Mji wetu ni mdogo, na Faza na Siyu si mbali. Tena baba akifa, watoto wote wa ndoa zake ni warithi, na kujuana msibani ni fedheha. Hilo mimi nililiuliza. Nilikwenda kwa ami yake, mtu mzima, baada ya alasiri, nikamwambia: "Ami, sikuja kwa wivu. Nina binti anakua. Kama ana ndugu yake popote, nataka amjue kabla hajaposwa." Alinyamaza, akavuta tasbihi yake, akasema: "Nipe mpaka Ijumaa." Ijumaa akaniletea jibu, nami nikamwambia binti yangu lile linalomhusu.

Matunzo ya watoto usiyachanganye na haya. Mahakamani huhitaji kuthibitisha kwamba alikusaliti ndipo baba alishe wanawe. Nenda na vyeti vya kuzaliwa na hesabu ya chakula, karo na dawa, na habari za kikoi uziache nyumbani.

Akija mposaji mwingine, daftari lile usimsomee. Muulize yanayomhusu yeye: hulala wapi akiwa kazini, nani mwingine anamtegemea, na kama ana nia ya kuongeza mke atakwambia kabla au utasikia mtaani. Ukitaka sharti kuhusu hilo, mwambie walii wako alitaje mapema na liandikwe siku ya nikaha, mashahidi wakiwa wamekaa.