Mtambo wa kunyonya vumbi umeacha kuvuta? Usikimbilie kununua mota

Wale wenzangu wa mbao, huku Tabora tunaranda mninga na mkurungu kila siku na vumbi lake mnalijua, jioni ukipenga kamasi inatoka kahawia tupu. La mninga linawasha pua na kuna watu linawaletea pumu kabisa, na tangu 1995 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliliweka vumbi la mbao kundi la kwanza, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwahiyo mtambo ukilegea usiseme ntaangalia wiki ijayo.

Mi ulinilegea, maranda yanabaki juu ya meza ya randa, nikaanza kuulizia bei ya mota kubwa. Kumbe fundi umeme alihamisha meni swichi akarudisha waya za fezi tatu bila mpangilio, feni ikawa inazunguka kinyume. Kinachochanganya ni kwamba hizi feni hata zikizunguka kinyume bado zinavuta, ila kidogo, kwahiyo huwezi kushtuka. Zima, subiri ikaribie kusimama, tazama inaelekea wapi, linganisha na mshale kwenye bodi ya feni. Kama ni kinyume, fundi abadilishane waya mbili tu kati ya zile tatu, basi.

Kabla hujafungua chochote kata umeme, piga kufuli, funguo mfukoni kwako. Sio kwa msaidizi, kwako!

Feni ikiwa sawa, hamia kwenye mabomba. Kata kipande chembamba cha tishu, kipitishe taratibu kwenye maungio mtambo ukiwa unavuta, penye tundu kitanyonywa. Usiniletee habari za kuwasha udi uone moshi unaelekea wapi, vumbi la mbao na moto havikai chumba kimoja. Angalia na ule mpira wa kujikunja, panya na misumeno wanautoboa, na ukiwa mrefu sana unakula nguvu, ukate ubaki unaotosha. Mashine ambayo haifanyi kazi ifungie bomba lake. Ukiacha matano wazi wakati unatumia moja, hewa inapungua kasi, na kwa vumbi la mbao inatakiwa ikimbie kama mita 20 kwa sekunde, ikipoa maranda yanalala ndani ya bomba mpaka linaziba. Gonga bomba kwa mpini wa nyundo, palipojaa panalia bubu.

Sasa mifuko ya kitambaa inayochuja vumbi, hapa ndo wengi tunakosea. Chukua ule mpira mwangavu wa levo ya maji wanaotumia mafundi ujenzi, ukunje kama herufi U, tia maji yenye rangi kidogo, mdomo mmoja uingize ndani ya mfuko kwa kitundu kidogo, mwingine uache nje. Washa, pima maji yamepishana milimita ngapi, andika ukutani siku ile mfuko ni mpya. Yakianza kupishana zaidi na zaidi mfuko unaziba, yakishuka ghafla karibu sawa ujue umechanika au feni haisukumi. Viwandani kwenye mitambo mikubwa ya kupuliza mifuko kwa upepo wa kompresa mara nyingi wanakaa milimita 75 mpaka 150 za maji, lakini wewe fuata namba yako ya ukutani. Kukung'uta ni feni ikiwa imezimwa, na usifue fue kila wiki maana ule utando mwembamba wa vumbi ndo unachuja vumbi laini. Masika vumbi linashika unyevu linakuwa kama uji kwenye kitambaa, mwenye kompresa atoe maji kwenye tangi kila asubuhi.

Beringi na belti mnazijua, grisi kiasi, isizidi.

Pipa la maranda usiliache limejaa usiku. Randa ikikutana na msumari inatoa cheche, cheche inavutwa na feni moja kwa moja mpaka kwenye pipa, inalala huko inafuka polepole. Mi kabla sijafunga nalitoa nje, nalimwaga nusu, napitisha mgongo wa mkono juu yake. Likiwa na joto sirudi nyumbani.